Je, wajua kwa nini chanjo ya homa ya manjano huchomwa mara moja tu maishani?

Mama wa Kigoma anayevuka Ziwa Tanganyika kwa biashara ya vitenge au mawese huenda akawa na kumbukumbu mbili za chanjo katika mkoba mmoja. Ya kwanza ni kadi ya kliniki ya mtoto wake, iliyojaa tarehe: siku ya kuzaliwa, wiki ya 6, wiki ya 10, wiki ya 14, mwezi wa 9, mwezi wa 18. Ya pili ni kitabu chake kidogo cha njano, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho kina mstari mmoja tu uliojazwa, na mstari huo unamtosha maisha yake yote. Kwa nini mtoto arudishwe kliniki mara nyingi kiasi hicho, ilhali yeye alichomwa mara moja na mambo yakaisha?

Jibu limo ndani ya chupa zenyewe, kwa kuwa vitu vilivyomo havifanani.

Chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai. Mwaka 1927 watafiti walipata virusi vya ugonjwa huo katika damu ya mgonjwa mmoja aliyeitwa Asibi, katika nchi ambayo leo ni Ghana. Virusi hivyo vilikuzwa maabara, vikahamishwa kutoka chombo hadi chombo zaidi ya mara 100, kwanza katika tishu za viinitete vya panya na baadaye vya kuku, hata vikazoea maisha hayo mapya na kupoteza ukali wao kwa binadamu. Mwaka 1937 Max Theiler, mzaliwa wa Pretoria, na wenzake walitangaza chanjo iliyotokana na kazi hiyo, na mwaka 1951 Theiler akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Chanjo zote za homa ya manjano zinazotumika leo zina asili katika damu ya Asibi, na naona ni haki jina lake litajwe kila linapotajwa la Theiler.

Virusi hivyo vilivyodhoofishwa vikiingia mwilini huzaliana kwa siku chache. Mwili hauwezi kujua kwamba adui huyu hana makali, kwa hiyo hupigana naye kama ambavyo ungepigana na ugonjwa wenyewe: hutengeneza kingamwili, huamsha seli za kushambulia, kisha huhifadhi seli za kumbukumbu ambazo hudumu kwa miongo mingi. Kazi hiyo huhitaji muda, na hapo ndipo inapotoka kanuni ya siku 10 inayowasumbua wasafiri wengi. Cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano kwa sababu wakati huo ndipo watu wengi sana waliochanjwa wanakuwa tayari na kingamwili za kutosha. Msafiri anayeshuka treni ya kutoka Tabora alfajiri, akachomwa sindano asubuhi na kutaka kupanda meli jioni, anaweza kuwa na karatasi mkononi, lakini katika damu yake bado hakuna kinga yoyote.

Zamani cheti hicho kilihesabiwa kuwa kimeisha baada ya miaka 10. Ushahidi ulipoonyesha kwamba dozi moja huwakinga watu wengi kwa maisha yao yote, kanuni za afya za kimataifa zilirekebishwa, na tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti hakina ukomo, hata kile cha zamani kilichoandikwa tarehe ya mwisho. Anayeambiwa achomwe upya kwa sababu tu kadi yake imepita miaka 10 ana haki ya kuuliza.

Pepopunda ni habari nyingine kabisa. Kinachoua katika ugonjwa huo ni sumu inayotengenezwa na bakteria wanaoishi katika udongo, na sumu hiyo ni kali kiasi kwamba kipimo kidogo kinachotosha kumuua mtu hakitoshi kuufundisha mwili wake kujikinga. Ndiyo maana hata aliyeugua pepopunda akapona hana kinga, naye hulazimika kuchanjwa kama wengine. Chanjo yake ni sumu hiyo hiyo iliyoondolewa makali. Haizaliani mwilini, hukaa kidogo kisha ikaondolewa, na mwili huweka kumbukumbu hafifu. Dozi ya pili huikuta kumbukumbu hiyo na kuiimarisha, na ya tatu huiimarisha zaidi. Kwa sababu hiyo mtoto hupewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ile chanjo inayounganisha kinga dhidi ya dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na bakteria mmojawapo anayeleta homa ya uti wa mgongo na nimonia. Mama mjamzito naye huendelea kuhesabiwa dozi zake za pepopunda, ili yeye na mtoto atakayezaliwa wawe salama.

Msomaji makini atauliza: surua je? Chanjo ya surua na rubela nayo ina virusi hai, na bado watoto wa Tanzania huchomwa mara mbili, katika mwezi wa 9 na mwezi wa 18. Hapa dozi ya pili ina kazi tofauti. Mtoto huzaliwa na kingamwili alizopewa na mama yake akiwa tumboni, na baadhi ya watoto wanapofika miezi 9 bado wana mabaki yake, ambayo huviua virusi vya chanjo kabla havijaufundisha mwili lolote. Hatuwezi kumjua kwa macho mtoto ambaye sindano ya kwanza haikumshika. Dozi ya mwezi wa 18, iliyoingizwa katika ratiba ya nchi mwaka 2014, huwafikia hao, na mzazi anayeiacha kwa kudhani kwamba mtoto amekwisha kupata chanjo ya surua anacheza bahati nasibu na afya ya mwanawe. Hilo hunisikitisha kuliko mengine yote, kwa kuwa safari ya kliniki ya mwezi wa 18 ndiyo inayosahaulika kirahisi, mtoto akiwa tayari anatembea na kucheza.

Mwambao huu wa Ziwa Tanganyika unajua maana ya magonjwa yanayosafiri na watu. Mwezi Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojaa katika kijiji cha Kagunga, kipindupindu kiliwakuta hapo kabla hawajafikishwa kambini Nyarugusu. Chanjo ya kipindupindu, ambayo hunywewa, ina vijidudu vilivyouawa. Kwa kawaida hutolewa kwa dozi mbili, na kinga yake hupungua baada ya miaka michache.

Kwa anayejiandaa kuvuka kwenda Kalemie au Uvira, Kongo hudai cheti cha homa ya manjano kwa kila msafiri aliyefikisha miezi 9. Tanzania nayo hukidai kwa wenye umri wa kuanzia mwaka 1 wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, zikiwamo Kongo na Burundi. Kwa kuwa virusi vya chanjo ni hai na hukuzwa katika mayai ya kuku, mjamzito, mwenye kinga iliyoshuka sana, mwenye mzio mkali wa mayai na mwenye umri wa miaka 60 au zaidi waseme hayo kabla ya sindano. Daktari akiona haifai, huandika sababu zake, na maandishi hayo huonyeshwa mpakani. Chanjo ikishachanganywa na maji yake hudumu saa 6 tu, na chupa moja mara nyingi huwa ya watu kadhaa, hivyo usishangae ukipangiwa siku ya kurudi pamoja na wengine. Siku hiyo ndiyo ya kuanza kuhesabu: aliyechomwa tarehe 3, cheti chake kinaanza kutambuliwa tarehe 13.