Ndege ya Ndani Ikichelewa, ya Nje Haikusubiri

Jioni moja alikuja dawatini kwetu mama mmoja wa makamo, katika jengo la safari za kimataifa pale Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam. Ametoka Mwanza, anakwenda Muscat kwa binti yake aliyejifungua. Mkononi ana pochi na kifurushi cha dagaa, basi. Nikamwamkia: "Shikamoo mama. Mzigo mkubwa uko wapi?" Akanijibu, "Marahaba mwanangu. Mzigo si nimewakabidhi wenyewe Mwanza? Watanipa nikifika." Nikamwomba nione kijikaratasi cha tagi walichobandika nyuma ya pasi yake ya kupandia ndege. Kimeandikwa DAR. Maana yake begi lake muda huo lilikuwa likizunguka peke yake kwenye mkanda wa jengo jingine, na kaunta ya ndege ya Muscat ilikuwa imebakiza dakika 25 ifungwe.

Hakuwa mzembe. Mwanawe alimnunulia tiketi mbili kwa simu, moja ya Mwanza hadi Dar na nyingine ya Dar hadi Muscat, za mashirika mawili tofauti, kwa kuwa ukizijumlisha zilikuwa nafuu kuliko moja iliyounganishwa. Abiria wengi tunaowahudumia hufanya vivyo hivyo. Wasichoambiwa ni kwamba kwa tiketi mbili kila shirika linakujua kwa kipande chake tu. La kwanza likishakufikisha Dar limemaliza kazi. La pili halijui kama umetoka Mwanza au Mbagala. Linachojua ni kwamba kaunta inafungwa na wewe hujafika.

Tiketi moja, yenye herufi sita za bukingi zilezile toka mwanzo hadi mwisho, ni habari nyingine. Kila uwanja una muda wa chini uliokubaliwa wa kubadili ndege, na mfumo hautakuuzia muunganiko ulio chini ya huo. Ndege ya kwanza ikichelewa hata ukaikosa ya pili, ni kazi ya shirika kukutafutia nafasi nyingine bila kukutoza nauli upya. Ndivyo inavyokuwa kwa anayetoka Mwanza kwenda Mumbai au Guangzhou kwa Air Tanzania, au anayetoka Kisumu kupitia Nairobi kwenda ng'ambo kwa Kenya Airways. Mzigo nao kwa kawaida hupigwa tagi hadi mwisho wa safari. Hata hivyo uliza kaunta, "Begi linakwenda moja kwa moja?" kisha soma tagi kwa macho yako. Zile herufi tatu kubwa ni za uwanja ambako begi litatolewa: BOM ni Mumbai, MCT ni Muscat, DXB ni Dubai. CAN ni Guangzhou, si Canada; nimeshawatuliza abiria wawili watatu kwa hilo.

Nayo tiketi moja ina mtego wake. Mtu ana tiketi ya Mwanza, Dar, Mumbai. Siku mbili kabla anapata lifti ya gari hadi Dar, anaona aitumie, kipande cha Mwanza akiache. Akifika kaunta ya Mumbai anaambiwa safari yake imefutwa. Usipotokea kwenye kipande cha kwanza, mfumo unakuhesabu umeghairi na kufuta vyote vinavyofuata, mpaka cha kurudi. Ukitaka kubadili, wapigie kabla ndege ya kwanza haijaondoka.

Sasa turudi kwenye muda. Yule mama alipangiwa kutua saa 11:00 jioni na kuondoka saa 2:00 usiku. Saa tatu nzima; ukisikia hivyo unaona ni nyingi. Hebu tuzihesabu. Milango ya ndege inafunguliwa na watu wanaingia jengoni, saa 11:10. Begi linatokea kwenye mkanda, saa 11:35. Ndege za ndani kwa kawaida hutumia Jengo la 2, lililoanza kazi 1984, na za nje Jengo la 3, lililofunguliwa Agosti 2019 kwa uwezo wa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Ni majengo mawili mbalimbali, hivyo unatoka nje na begi lako, unatafuta usafiri au unaburuta. Tuseme saa 11:55 uko mlangoni pa Jengo la 3. Mlangoni kuna mashine ya ukaguzi na foleni yake, saa 12:10. Na kaunta haifungwi ndege inapoondoka. Mashirika mengi hufunga dakika 60 kabla, yaani saa 1:00. Zile saa tatu zimekuwa dakika 50, na foleni ya kaunta hujaipanga. Ndege ya Mwanza siku ile ilichelewa dakika 40.

Kwa nini za ndani huchelewa? Mara nyingi si hali ya hewa ya pale ulipo. Ndege ileile moja huzunguka mchana kutwa: asubuhi imekwenda Dodoma, ikarudi, ikaenda Kilimanjaro, ikarudi, ndipo ije ikuchukue wewe. Dakika 20 zilizopotea asubuhi zinaongezeka kila inapotua, na jioni zimekuwa saa nzima. Ndiyo maana ndege ya kwanza ya siku ndiyo ya kuaminika zaidi. Kwa tiketi mbili mimi sishauri chini ya saa 6 kati ya kutua na kuondoka, na kama ndege yako ya nje haipo kila siku, fika Dar jana yake ulale kwa ndugu. Mtu wa Dodoma tangu 2024 ana treni ya SGR, wa Zanzibar ana boti. Wa Mwanza, Bukoba au Kigoma akiikosa ndege hana njia nyingine ya siku ileile.

Kosa jingine linatokana na tiketi kutosema Kiswahili. Imeandikwa 20:00, ni saa 2 usiku. Hapo wengi hawapotei. Wanapopotea ni kwenye 00:35. Ukiona "tarehe 15, 00:35", hiyo ni saa 6 na dakika 35 usiku wa kuamkia tarehe 15. Unatakiwa uwe uwanjani tarehe 14, saa 3 na nusu usiku. Tumewapokea watu waliokuja tarehe 15 jioni, wamevaa vizuri, wamesindikizwa na ukoo mzima na gari mbili, ndege yao imeshatua ilikokwenda tangu asubuhi. Wazee wa pwani, ambao kwao usiku hutangulia mchana, hawasumbuki: ukiwaambia usiku wa Ijumaa wanajua ni Alhamisi jua likishazama. Sisi wa saa za simu ndio tunaokosea. Kumbuka pia kwamba saa ya kufika iliyoandikwa ni ya huko uendako. Muscat wako mbele yetu kwa saa moja.

Kuhusu uzito, soma tiketi zote mbili. Ya nje inaweza kukuruhusu mabegi mawili ya kilo 23, ya ndani ikakuruhusu moja tu, na pesa ya kilo za ziada utaitoa Mwanza kabla hujaiona hiyo ruhusa kubwa. Begi la mkononi nalo lina mambo yake. Ndege za panga zinazotumika njia nyingi za ndani zina kabati ndogo juu ya viti, kwa hiyo begi lenye magurudumu mara nyingi huchukuliwa mlangoni pa ndege na kuwekwa chini pamoja na mizigo. Kabla hujaliachia toa pasipoti, dawa, kompyuta na pawabenki. Pawabenki hairuhusiwi kwenye mizigo ya chini, kwa sababu betri ya lithiamu ikiwaka moto huko hakuna wa kuizima kwa mkono. Ya 20,000 mAh ni kama Wh 74 (Wh ni kipimo cha nishati ya betri), iko ndani ya kikomo cha Wh 100. Na ile chupa ya asali ya Tabora, hata kama umepita nayo kwenye ndege ya ndani, ukaguzi wa safari za nje utaichukua ikizidi mililita 100. Ifunge vizuri uiweke kwenye begi kubwa.

Nyaraka zina ujanja wake. Ukiwa na tiketi mbili, kaunta ya safari ya ndani inataka kitambulisho tu, na cha NIDA kinatosha. Hakuna atakayekuuliza pasipoti. Kijana mmoja alifika Dar akiwa na NIDA yake safi kabisa, pasipoti ameiacha juu ya kabati Bukoba. Vilevile hakuna atakayegundua kwamba pasipoti yako imebakiza miezi minne wakati nchi uendayo inataka sita, au kwamba viza ina jina lililokosewa herufi. Hayo yote yanakungoja kaunta ya kimataifa. Yakague nyumbani. Kama unakokwenda wanadai cheti cha homa ya manjano, chanjo inahesabika kuanzia siku ya 10 baada ya kuchomwa. Ukichoma jana hujachoma. Cheti cha zamani usikitupe, tangu Julai 2016 kinatambulika maisha yote.

Ukiona ndege ya ndani inachelewa, usingoje ufike Dar ndipo uanze kulalamika. Ukiwa bado Mwanza, mwambie mtu wa kaunta una muunganiko, umwonyeshe tiketi. Kama ni tiketi moja, wanaweza kukuhamishia ndege nyingine pale pale. Usikimbilie kununua mpya, kwa maana ukishanunua ni vigumu kudai. Kama ni mbili, lipigie simu shirika la pili kabla kaunta yao haijafungwa. Gharama ya kubadili tarehe inauma, ila ni ndogo kuliko ya abiria asiyetokea. Na usipoliona begi mwisho wa safari, andikisha ripoti kabla hujatoka kwenye ukumbi wa mizigo. Tagi ile ndogo ndiyo ushahidi wako. Kwa Mkataba wa Montreal, ule wa kimataifa wa safari za ndege, likija limeharibika una siku 7 za kulalamika kwa maandishi. Likikufikia kwa kuchelewa una siku 21 tangu ulipolipata.

Yule mama tulimpatia kijana wa toroli, wakaenda wote Jengo la 2, wakarudi na begi. Kaunta ilikuwa imefungwa dakika sita zilizopita. Alilala Tabata kwa shemeji yake, mwanawe akalipia mabadiliko ya tarehe, na siku ya tatu nikamwona tena, saa 9 alasiri, wa kwanza kwenye foleni ambayo haijaanza. Dagaa alikuwa bado nao.