Mota Kuwa ya Moto Si Ugonjwa

Juzi tena simu: "Fundi, mota ya mashine ya kusaga inaungua, nimeweka mkono haukai." Inasaga? Inasaga. Mvumo umebadilika? Haujabadilika. Sasa kaka, umezima ya nini na foleni ya ndoo za mahindi iko mlangoni?

Chuma cha joto la nyuzi 60 huwezi kukishikilia hata sekunde 10. Mota nyingi za siku hizi ni daraja F la kuhimili joto, yaani waya wa ndani unahimili nyuzi 155, na ganda kufika 70 au 80 mzigo ukiwa umejaa ni jambo la kawaida. Mkono si kipimajoto. Kazi yake ni kulinganisha: leo na jana, upande wa puli (gurudumu la mkanda) na upande wa feni. Na gusa kwa mgongo wa mkono, maana umeme ukivuja kiganja hung'ang'ania.

Upande wa puli kuwa na joto zaidi kidogo ni haki yake, feni iko mbali na mkanda unavuta huko. Ukizidi mno, legeza mkanda kwanza. Watu wanaukaza mpaka unalia kama gitaa ili usiteleze, beringi (gololi zinazobeba shafti) ikifa wanalaumu beringi za dukani. Halafu wanashindilia grisi! Grisi ikijaa beringi inaikoroga tu, joto linapanda. Theluthi ya nafasi hadi nusu, basi.

Sauti sasa. Mota ya fezi tatu (nyaya tatu za umeme) ikiguna bila kuzunguka, mara nyingi fezi moja imekatika, zima upesi. Kwa milio mingine, weka ncha ya bisibisi kwenye nyumba ya beringi, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, kisha mwambie mtu azime swichi. Mlio ukikatika papo hapo, tatizo ni la umeme. Ukififia taratibu pamoja na mzunguko, ni la chuma.

Ila chuma husafirisha sauti. Beringi mbili za shafti moja, ikikwaruza moja, mara nyingi sikio langu haliniambii ni ipi. Nabadilisha zote mbili, na mteja akinuna anune. Na kinu kikiwa kinasaga sisikilizi chochote: navua mkanda, nawasha mota peke yake. Ikitulia, hamia kwenye nyundo za kinu, mota haina kesi.