Kamera ndogo ya kubeba Ngorongoro na Zanzibar: tazama sensa na vumbi kabla ya zumu

Dukani, boksi la kamera ndogo huandikwa kwa herufi kubwa "30x", yaani zumu (uwezo wa kuvuta karibu kitu cha mbali) ya mara 30. Namba hiyo ndiyo inayouza, na ndiyo inayowaponza wengi wanaokwenda kupiga picha za mandhari. 30x ni uwiano tu: lenzi inaanzia milimita 24 na kuishia 720, gawanya, unapata 30. Haisemi lolote kuhusu picha itakavyotoka.

Cha kuuliza kwanza ni ukubwa wa sensa, yaani kile kipande kilicho nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga. Kamera nyingi za zumu ndefu zina sensa ya inchi 1/2.3, ambayo ni takriban milimita 6.2 kwa 4.6. Iweke juu ya kucha ya kidole cha mwisho na nafasi inabaki. Sensa ya inchi 1, licha ya jina lake, ni milimita 13.2 kwa 8.8. Ukipiga hesabu ya eneo, hii ya pili ni kubwa mara nne. Mara nne ya mwanga ndiyo inayoamua kama mawingu yaliyo juu ya ukingo wa kreta yatabaki na umbo lake au yatakuwa doa jeupe, na kama msitu ulio kivulini utaonyesha majani au chengachenga.

Simu nyingi za bei ya juu za miaka hii zina sensa kubwa kuliko 1/2.3 kwenye kamera yake kuu. Kwa hiyo ukinunua kamera ya sensa hiyo ndogo kwa ajili ya kupiga bonde, bahari na milima, umelipia kifaa cha pili kinachofanya kazi chini ya kile ulicho nacho mfukoni. Kwa mandhari, mimi sishauri kushuka chini ya inchi 1. Isipokuwa kamera za majini tu. OM System TG-7 ina sensa ndogo hiyohiyo, lakini inazama hadi mita 15 bila kasha, na kwa anayekwenda kuogelea juu ya matumbawe ya Mnemba, Zanzibar, hicho ni kitu ambacho simu haikupi.

Zumu ya kutosha ni ipi?

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua 36, gawanya kwa milimita za lenzi zilizoandikwa kwa kipimo cha filamu ya milimita 35, zidisha kwa umbali. Unapata upana wa eneo litakaloingia kwenye picha. Kitu kikiwa mita 50, lenzi ya 24 inachukua upana wa mita 75. Ya 200 inachukua mita 9, ya 360 mita 5, ya 720 mita 2.5. Pundamilia aliye mita 50 anakaa vizuri kabisa ndani ya mita 9 au 5, na nyasi zake na anga lake.

Sasa mchukue faru wa Ngorongoro. Magari hayaruhusiwi kuacha barabara, na faru akisimama mita 300, lenzi ya 200 inachukua upana wa mita 54. Mnyama wa mita tatu na nusu anakuwa kidoa. Hata ya 720 inachukua mita 15, na kwa umbali huo hewa yenye joto na vumbi inacheza kati yenu, kwa hiyo utapata faru mkubwa kidogo mwenye kingo zinazotetemeka. Kamera ndogo haitatatua tatizo hilo. Ikubali mapema, umwangalie faru kwa darubini, na fedha ziende kwenye kile ambacho kamera ndogo inakiweza.

Ninazozipa nafasi kwa safari ya aina hii ni mbili. Sony RX100 VII, iliyotoka 2019, ina lenzi ya 24 hadi 200, f/2.8 hadi f/4.5 (f ni kipimo cha tundu la lenzi: namba ikikua, tundu linabana na mwanga unapungua), na uzito wa gramu 302. Panasonic Lumix TZ200, ya 2018, inakwenda 24 hadi 360, ila mwishoni tundu la lenzi linabana hadi f/6.4. Kutoka f/4.5 hadi f/6.4 ni kupoteza nusu ya mwanga. Mchana wa Serengeti hutahisi. Saa kumi na mbili jioni utahisi sana. Canon G7 X Mark III ni nzuri kwa watu na chakula, lakini inaishia 100 na haina kitundu cha kuchungulia kwa jicho unapopiga. Ricoh GR III ina sensa kubwa zaidi ya zote hizi, ya kipimo kiitwacho APS-C, na picha zake za mandhari zinapendeza mno. Ila lenzi yake imekwama 28, na wanyama utawasahau.

Kitundu cha kuchungulia nakisisitiza kwa sababu tuko karibu na ikweta. Saa sita mchana kioo cha nyuma kinageuka kioo cha kujitazamia: unaona uso wako, huoni picha. Kukandamiza kamera usoni pia kunatuliza mikono.

Vumbi

Hapa ndipo kamera ndogo nyingi zinapofia. Lenzi yake ni mirija inayoingia na kutoka, mmoja ndani ya mwingine. Kila inapotoka, inavuta hewa ndani kama pampu ya baiskeli, na hewa ya barabara ya Serengeti imejaa unga laini. Unga huo unafika kwenye sensa. Kamera ya kubadilisha lenzi unaifungua na kupuliza. Hii haifunguki bila fundi wa kuitoa skrubu zote, na gharama yake mara nyingi inakaribia bei ya kamera ya mtumba.

Jinsi ya kujikinga: zima kamera kabisa gari linapotembea, usiiache lenzi nje ikisubiri. Washa baada ya vumbi la gari la mbele kutulia. Usichezee zumu mbele na nyuma bila sababu. Ihifadhi ndani ya kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, lile la chakula, ukaizungushia kitambaa laini. Usitegemee mfuko wa plastiki: mifuko ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019, na kontena linakinga pia mitikisiko ya barabara. Chembe zikiingia kwenye pengo la mirija, usipulize kwa mdomo, kwa sababu mate yanageuza unga kuwa tope. Tumia brashi laini kavu, kamera ikiwa imezimwa na lenzi ikitazama chini.

Kwa sababu hiyohiyo, ukinunua iliyotumika, Kariakoo au Luthuli Avenue ya Nairobi, fanya kipimo hiki kabla ya kutoa hela. Weka namba ya f kubwa kabisa inayokubali, f/8 au f/11. Piga ukuta mweupe au anga tupu, kwanza kwa 24, kisha kwa zumu ya mwisho. Ikuze picha kwenye kioo na uipitie kona hadi kona. Madoa ya kijivu yanayokaa mahali palepale picha baada ya picha ni vumbi la kwenye sensa. Kisha washa na kuzima mara kumi ukisikiliza: lenzi ikikwaruza au kusitasita, kuna mchanga kwenye meno ya gia. Mwisho, mulika tochi ya simu ndani ya lenzi kwa pembeni. Nyuzinyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, ugonjwa wa kamera zilizokaa kwenye unyevunyevu wa pwani. Iache.

Mipangilio ya kuanzia

Ukiwa ukingoni mwa kreta, weka f/4 au f/5.6 na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya chini. Watu wamezoea kusikia kwamba mandhari inataka f/11. Kwenye sensa ya inchi 1, f/11 inalainisha picha nzima kwa sababu mwanga unatawanyika ukipita kwenye tundu dogo. Wala huihitaji: kwa lenzi ya 24 na f/4, ukifokasi kitu kilicho mita 2 mbele, kila kitu kuanzia karibu mita 1 hadi upeo wa macho kinatoka kikali.

Mwanga mzuri huku kwetu ni mfupi. Jua linapanda karibu wima, digrii 15 kwa saa, kwa hiyo nusu saa tu baada ya kuchomoza limeshapita digrii 7 na rangi ya dhahabu inakwisha. Uwe umeshasimama mahali pako kabla. Ukungu wa asubuhi na mchanga wa Nungwi vinaidanganya kamera kwa namna moja: ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inaufifisha, na mchanga unatoka wa kijivu. Ongeza mwangaza kwa +0.7 hadi +1. Machweo yanataka kinyume chake, −0.7.

Ndani ya gari, mwambie dereva azime injini. Mfuko wa kitambaa wenye kilo moja ya mchele au maharage, ukiwekwa kwenye ukingo wa paa, unashika kamera imara kuliko stendi yoyote itakayoingia humo.

RX100 VII inapimwa picha 260 kwa betri moja, na kuchungulia sana kunapunguza. Beba betri tatu, kwenye mizigo ya mkononi, kwa sababu ndege hazikubali betri za akiba kwenye mabegi ya chini. Angalia pia tundu la chaji: TZ200 na RX100 VII za awali zinatumia maikro-USB, na waya wa simu yako ya sasa hautaingia. Kadi ya GB 64 yenye alama ya kasi ya V30 inatosha video ya 4K na picha za siku kadhaa.

Zanzibar, hatari ni kiyoyozi. Kamera iliyolala chumba cha baridi ikitolewa ghafla kwenye joto la nje, mvuke wa hewani unageuka matone ya maji juu ya lenzi, na wakati mwingine ndani yake. Iache kwenye kontena lililofungwa dakika 20 hadi 30 baada ya kutoka, ipate joto polepole. Matone yakishatokea, usiyafute na wala usitoe zumu. Ufukweni yanachanganyika na chumvi iliyotua kwenye kioo, na kitambaa kitaiburuta chumvi hiyo juu ya kioo. Yaache yakauke yenyewe, kivulini.