Je, wajua kwa nini soya huungua majani ilhali fangasi hajatoka mzizini?

Mwezi Agosti, katika majimbo ya Iowa na Illinois nchini Marekani, shamba la soya lililokuwa kijani kibichi huweza kuzuka mabaka ya njano ndani ya siku chache. Nafasi kati ya mishipa ya jani hugeuka njano, kisha kahawia, huku mishipa ikibaki kijani. Baadaye majani hupukutika na kuacha vikonyo vimening'inia shinani. Ajabu ni kwamba ukiyapima majani hayo maabara, fangasi aliyeyaua hayumo. Yuko mizizini, na haondoki huko.

Huyo ni Fusarium virguliforme. Ugonjwa wake ulionekana kwanza Arkansas mwaka 1971, ukaitwa kifo cha ghafla, jina linalopotosha kidogo. Fangasi huingia mapema sana, mbegu inapochipua kwenye udongo uliolowa na wenye baridi ya nyuzi 15 hivi za Selisiasi. Wiki nyingi hupita akiozesha mzizi, na mmea juu unapendeza tu.

Kinachopanda juu ni sumu, ikibebwa na maji yanayonyonywa na mmea. Jaribio lake ni rahisi: fangasi hukuzwa kwenye maji yenye virutubisho, maji yakachujwa asibaki fangasi yeyote, kisha mche uliokatwa mizizi hutumbukizwa humo. Majani huungua vilevile. Lakini lazima kuwe na mwanga, kwani sumu huharibu rubisko, kimeng'enya kinachonasa hewa ya ukaa, na jani lililo kwenye mwanga ndilo hufa. Mvua kubwa wakati wa maua na kujaza maganda ndiyo huufichua ugonjwa.

Kwa hiyo kupulizia majani dawa ya fangasi ni kutupa pesa. Kinga huanza na mbegu: aina yenye ustahimilivu (hakuna inayokinga kabisa), iliyopakwa dawa ya fangasi kama fluopiramu au pidiflumetofeni. Fluopiramu huweza kuunguza kingo za majani ya kwanza ya mche; hiyo si dalili ya ugonjwa, na mmea hupona wenyewe. Palipotuama maji au kushindiliwa na matrekta, tengeneza mifereji na ulegeze udongo, maana ndipo mabaka huanzia.

Wakulima wengi huko hupokezanisha soya na mahindi wakidhani wanamnyima fangasi chakula. Wapi! Huishi vizuri tu kwenye mabaki ya mahindi, hasa punje zilizomwagika wakati wa kuvuna. Katika majaribio ya Chuo Kikuu cha Iowa State, mzunguko mrefu wenye oti (nafaka inayofanana na shayiri) pamoja na jamii ya mikunde ya malisho, kama alfalfa, ulipunguza sana ugonjwa.

Usiutambue kwa majani pekee, kwani kuna ugonjwa mwingine wa kuoza shina wenye majani yanayofanana kabisa. Ng'oa mmea, pasua shina kwa kisu. Uboho wa katikati ukiwa mweupe na tabaka linaloufuata lina rangi ya kijivu au kahawia, ni kifo cha ghafla. Uboho ukiwa wa kahawia, ni ule mwingine. Udongo ukiwa na unyevu, mzizi mkuu huweza kuwa na utando wa buluu wa vijimbegu vya fangasi. Weka alama kwenye mabaka hayo, na baada ya mavuno chukua udongo wake ukapimwe nematodi wa soya, yaani minyoo midogo sana inayoshambulia mizizi: mara nyingi nematodi na fangasi huyu hukaa pamoja, na penye nematodi wengi majani huungua mapema zaidi.