Walikwenda Kiwikoni

Nilikuwa nasahihisha madaftari ya kidato cha pili usiku, taa ya sola imeshaanza kufifia, nikakutana na sentensi hii: "Baada ya chakula cha jioni walikwenda kiwikoni." Kilatini chake kilikuwa *Post cenam cubitum ierunt*. Nilicheka peke yangu mpaka mwalimu wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Watu wale walikwenda kulala, basi. Lakini kijana hakubahatisha. Alifungua kamusi, akatafuta *cubitum*, akakuta pameandikwa kiwiko, na chini yake: kipimo cha urefu, dhiraa. Akachagua ya kwanza. Nimefundisha Kilatini katika seminari ndogo kwa miaka 19 na kosa la namna hii huwa sikimbilii kulipiga mstari mwekundu, maana aliyekosea amejikwaa kwenye mlango ambao wengi huupita bila kuuona.

Katika sentensi ile, *cubitum* ni umbo la kitenzi *cubare*, yaani kulala au kujilaza, linalotumika baada ya kitenzi cha mwendo, kama sisi tunavyosema "kwenda kulala". Kiwiko nacho ni *cubitum*, ila hicho ni nomino. Herufi ni zile zile kwa sababu maneno haya ni ndugu wa tumbo moja. Kiwiko cha Mrumi kilipata jina lake kutokana na kulala.

Ukitaka kuelewa kwa nini, mwangalie Mrumi mwenye uwezo akila karamu. Haketi kwenye kiti. Anajilaza kwenye kochi, ubavu wa kushoto chini, uzito wote ameutupia kiwiko cha kushoto, mkono wa kulia unachota. Isidore, askofu wa Sevilla wa karne ya 7, alilieleza hivyo hivyo: kiwiko kinaitwa *cubitum* kwa kuwa tunakilalia tunapokula. Isidore alikuwa na maelezo mengi ya maneno ambayo leo hayasimami, ila hapa alipapasa karibu kabisa na ukweli. Na ukishauona mkao huo, utaelewa pia namna mwanafunzi mpendwa katika Yohana 13 alivyoweza kuwa "ameegama kifuani pa Yesu" mezani. Kilatini kinasema *recumbens*, wa ukoo huo huo. Wachoraji waliomkalisha kwenye kiti walimpa kazi ngumu sana ya shingo.

Kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole cha kati ndipo kilipo kipimo. Warumi walikigawa katika vidole 24, sawa na viganja sita, au futi yao moja na nusu. Kwa vipimo vya leo ni kama sentimita 44.

Sisi hatukuhitaji Warumi watufundishe hilo. Bibi yangu, Masasi, alikuwa akisuka ukili wa mikeka. Alipotaka kujua amefika wapi, aliweka ncha ya ukili kwenye kiwiko, akauvuta hadi mwisho wa kidole cha kati, akaubana hapo kwa dole gumba la mkono wa pili, kisha pale alipobana akaparudisha kiwikoni. Moja. Akavuta tena. Mbili. Midomo ikihesabu bila sauti, miyaa ikikwaruza ngozi. Siku moja nilijitia kumsaidia, nikafika hesabu yake mapema mno nikajiona hodari. Akaunyang'anya ukili. "Mjukuu wangu, huo mkono wako utanitia hasara." Mkono wangu ulikuwa wa mtoto wa miaka minane, mkeka ungetoka wa kulalia paka.

Shibiri mbili ni mkono mmoja, mikono miwili ni wari, mikono minne ni pima. Mkono huo ndio dhiraa, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni kigasha, sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja. Wazee wa pwani walikuwa pia na dhiraa konde, inayoishia kwenye vifundo vya ngumi iliyokunjwa. Wagiriki wa kale nao walikuwa nayo, wakiiita *pygmē*, yaani ngumi, na kutokana nayo wakatunga jina la watu wa hadithi wenye kimo hicho, waliokuwa wakipigana vita na korongo. Karne nyingi baadaye Wazungu walilichukua jina hilo wakawabandika Wambuti na Watwa wa misitu ya Afrika ya Kati, watu halisi wenye majina yao. Dhiraa konde ya Kigiriki imewaganda hadi leo.

Tatizo la bibi na mimi lilikuwa tatizo la dunia nzima. Darasani huwa nawapa vijana ubao waupime kwa mikono. Ubao wetu ni mita 3.6. Mwaka huu mfupi wao alipata mikono tisa, mrefu akapata saba na nusu, na wote wawili wamesema kweli. Wamisri walilimaliza jambo hili kwa kuweka mkono wa kifalme, usio wa mtu yeyote: kiganja kimoja zaidi ya mkono wa kawaida, saba badala ya sita, jumla vidole 28, karibu sentimita 52.4. Waliuchonga kwenye fimbo za mbao na za mawe. Fimbo ya Maya, mweka hazina wa Farao Tutankhamun, iko kwenye makumbusho ya Louvre mjini Paris. Kwa mkono huo piramidi ya Farao Khufu ilipangwa kuwa 440 kila upande wa chini na 280 kwenda juu. Nambari hizo, ambazo kwa mita zinatoka na vipande vipande, kwa mkono wa kifalme zinakaa sawasawa.

Mto Nile nao ulipimwa kwa mikono. Plinio Mzee, Mrumi wa karne ya 1, aliandika jinsi Misri ilivyosoma kina cha mafuriko: mikono 12 ni baa la njaa, 13 bado njaa, 14 inaleta furaha, 15 utulivu wa moyo, 16 raha tupu. Sijui kipimo kingine cha urefu kilichowahi kusomeka kama hali ya moyo wa nchi. Pale Vatikani kuna sanamu kubwa ya Nile, mzee wa ndevu aliyejilaza, akipandwa na watoto 16, kila mtoto mkono mmoja wa maji. Na tazama ameegemea nini: kiwiko cha kushoto. (Maji ya Ziwa Victoria yamo humo, lakini tusijisifu, mafuriko yenyewe yalitoka nyanda za juu za Ethiopia.)

Nirudi kwa *cubare*, maana ukoo wake ndio unaonifanya nilipende somo hili. Vitabu tunavyofundishia viliandikwa na Wazungu, navyo huwakaririsha wanafunzi viambishi vya mwanzo kimoja kimoja. Mswahili hana haja ya kukariri. Sisi tuna kauli ya kutendea: lala, lalia. Kilatini kinatanguliza *in-* mbele, sisi tunapachika *-i-* nyuma. *Incubare* ni kulalia, na kwa kuku ni kuatamia. Humo ndimo ilimotoka inkubeta, ya vifaranga na ya watoto njiti. Ukivuka ziwa ukaenda Bujumbura au Bukavu, mashine hiyo ya hospitalini utasikia ikiitwa kwa Kifaransa *couveuse*, na utadhani ni neno la nyumba nyingine. Ni lile lile: *cubare* iliyosagwa midomoni mwa Wafaransa kwa karne nyingi hadi ikawa *couver*, kuatamia. Moja ilitolewa kabatini ikiwa mpya, nyingine ilivaliwa shambani ikachakaa. Kiwiko nacho kilichakaa vivyo hivyo: Waitalia wanakiita *gomito*, Wahispania *codo*, Wafaransa *coude*.

Lakini lililonishangaza zaidi ni hili. Kwa Kiswahili mtu huatamia fedha, huatamia kiti, huatamia faili la mwenzake mwaka mzima. Nilidhani ni ubunifu wetu. Kisha nikakutana na Vergilius, mshairi wa Kirumi, katika shairi lake la kilimo, akimsema tajiri aliyefukia mali yake ardhini: *incubat auro*. Anaatamia dhahabu. Miaka elfu mbili imepita na kuku ni yule yule.

Anayekulalia usingizini ukakosa pumzi, Warumi wa baadaye walimwita *incubus*. Sisi tunamwita jinamizi. Aliyelala hekaluni mwa Asklepio, mungu wa uponyaji, kule Epidauro, Ugiriki, ili mungu amwoteshe dawa alifanya *incubatio*. *Concubina* ni alalaye pamoja nawe, kimada, na hapo darasa zima la waseminari huinamisha vichwa kwenye madaftari ghafla. *Succumbere* ni kulala chini ya mwingine, yaani kushindwa, jambo ambalo kurasa zetu za michezo hulisema kila Jumatatu: timu imelala mbili bila. Nesi akikufunga mpira mkononi na kutafuta mshipa pale mkono unapokunjwa, anagusa *vena mediana cubiti*, mshipa wa kati wa kiwiko.

Kila mwaka lazima atokee mmoja wa kuuliza habari za kyubu, yaani mchemraba, na mwingine atie nchi ya Kuba na kuba la msikiti. Hao si ndugu. Kyubu ilitoka kwa Wagiriki, *kubos*, dadu ya kuchezea. Kuba la msikiti ni Kiarabu, *qubba*. Na Kuba yenyewe ni jina walilolikuta Wahispania huko huko kisiwani. Kufanana sauti peke yake hakumpi mtu urithi.

Yule kijana wa kiwikoni nilimpa nusu alama. Alikuja na daftari wakati wa mapumziko, mpole, kamusi kwapani. "Mwalimu, umesema mwenyewe kwamba Warumi walilala kwenye kiwiko." Nikamwambia hiyo ilikuwa wakati wa kula, na sentensi inasema *post cenam*. Akafikiri kidogo, akafunga daftari, akaenda kupanga foleni ya uji.