Kuchonga shaba ya ardhi: tanguliza kompyuta

Geuza bodi ya mawimbi ya maikrowevu, kama zile zilizomo kwenye redio za minara ya simu, na mara nyingi chini utakuta shaba tupu. Hilo ndilo bamba la ardhi, njia ya mkondo wa umeme kurudi. Mafundi walizoea kuliacha zima. Kuelekea mwaka 2000, watafiti wa Korea Kusini walilichonga makusudi: miraba miwili iliyounganishwa kwa ufa mwembamba, umbo la chuma cha kunyanyulia uzito.

Mkondo ukifika hapo hulazimika kuizunguka miraba. Mzunguko huo huongeza uindakta (tabia ya kupinga mabadiliko ya mkondo), na ufa ule hufanya kazi ya kapasita (kihifadhi chaji). Vikikutana, masafa (frikwensi) fulani hayapiti. Uindakta wa nanohenri 1 na kapasita ya pikofaradi 1 huziba karibu gigahezi 5. Panua miraba, masafa yatashuka. Panua ufa, yatapanda. Kwa njia hii amplifaya ya gigahezi 2.4 hupunguziwa takataka zake za gigahezi 4.8, yaani mara mbili ya masafa yake, bila kuongeza kipande chochote juu ya bodi.

Vipimo kamili havitoki kwenye kanuni ya mkono. Programu huigawa bodi katika vyumba vidogo na kutatua milinganyo ya Maxwell, ile ya umeme na sumaku, katika kila kimoja. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Makerere au Kyambogo, Uganda, wasio na fedha za leseni wanayo openEMS, programu ya bure, inayotumia mbinu iliyoasisiwa na Yee mwaka 1966.

Hapa ndipo wengi huteleza. Baadhi ya programu huchukulia kwamba ardhi haina mwisho wala tundu. Usipobadilisha hilo, mchongo wako haupo kabisa kwenye hesabu. Ufa nao unahitaji vyumba kadhaa katika upana wake, si kimoja.

Halafu kuna bodi ya FR4, ile ya bei nafuu. Kiwango chake cha dayelektriki, yaani jinsi plastiki yake inavyopunguza kasi ya mawimbi, huweza kuwa 4.2 au 4.6, na tofauti hiyo husogeza masafa kwa takriban asilimia 4. Kwenye gigahezi 2.4 ni karibu megahezi 100, wakati bendi nzima ya Wi-Fi hapo ina megahezi 83.5! Pima bodi uliyonunua, usiamini karatasi ya muuzaji.

Mwisho, kasha. Tundu la ardhi huvujisha mawimbi kwa chini, na ukiilaza bodi moja kwa moja juu ya bati umeliziba. Acha nafasi chini yake, kisha liingize kasha lenyewe kwenye modeli, pamoja na skrubu zake.