Je, wajua kwa nini mshindi alilipwa dola 1,002,023 na bado timu zinalia njaa?

Usiku mmoja wa Julai 2023, kwenye uwanja wa Eldora huko Rossburg, Ohio, nchini Marekani, Logan Schuchart, dereva wa magari ya sprinti yanayoshindana kwenye udongo, alijishindia dola 1,002,023. Hesabu hiyo haijakosewa. Eldora ilipoandaa mbio zake za milioni mwaka 2022 na 2023 iliweka milioni moja kisha ikaongeza mwaka wenyewe juu yake. Ndiyo maana mwaka uliotangulia Jonathan Davenport, aliyeshinda hapo hapo kwa magari ya aina nyingine, aliondoka na dola 1,002,022. Kwa bei ya dola ya wakati ule, kitita cha Schuchart kilipita shilingi milioni 140 za Kenya.

Sasa uwanja wa udongo uliozungukwa na mashamba, mbali na jiji lolote kubwa, unazitoa wapi fedha hizo? Na mbona wenye timu ukiwauliza watakuambia mchezo huu unakula kuliko unavyolisha?

Tuanze na gari lenyewe, maana ndilo linalokula. Gari la sprinti lina injini ya silinda nane ya karibu lita 6.7 inayotumia methanoli, na hutoa nguvu za farasi zinazokaribia 900. Ukilipima pamoja na dereva, uzito wake ni kilo 640 hivi. Halina stata wala klachi wala gia za kubadilisha, kwa hiyo husukumwa na pikapu mpaka liwake. Juu limefungwa bawa kubwa la kulikandamiza chini, na tairi la nyuma la kulia ni kubwa kuliko la kushoto, kwa kuwa gari hili kazi yake ni kukata kona za kushoto tu, mwanzo hadi mwisho.

Injini mpya inaweza kuzidi dola 60,000, na baada ya mbio kadhaa lazima ifunguliwe na kusukwa upya. Lile tairi kubwa la kulia mara nyingi halimalizi zaidi ya usiku mmoja. Gari likigonga ukuta au kupinduka, bawa limekwenda, ekseli imekwenda, na mafundi hawalali. Kundi kubwa la mbio hizi nchini Marekani, World of Outlaws, lililoanzishwa mwaka 1978 na Ted Johnson, hukimbia mara 80 hivi kwa mwaka, kuanzia Februari hadi Novemba, kutoka jimbo hadi jimbo. Hapo weka dizeli ya lori, hoteli, mishahara ya mafundi, na dereva ambaye kwa desturi huchukua kama asilimia 40 ya zawadi.

Kwa miaka mingi mbio ya kawaida ya kundi hilo ilimlipa mshindi dola 10,000. Kiasi hicho kilikuwa kizuri mwaka 2000, lakini bei za vitu hazikusimama kusubiri: ili kununua kilichonunuliwa na dola 10,000 za mwaka ule, mwaka 2024 ungehitaji kama 18,000. Zawadi ilibaki palepale, tairi likapanda, injini ikapanda. Na huyo ni mshindi. Aliyemaliza wa 20 alikuwa akirudi na kitu cha dola elfu moja hivi, ambayo kwa timu iliyosafiri mbali ni fedha ya mafuta na matairi mawili matatu.

Hapa ndipo nadhani mjadala wa kukuza mchezo huu hupotea njia. Watu hutazama namba ya mshindi, kwa sababu ndiyo inayoandikwa kwenye mabango. Chukua mfano rahisi. Promota amepata dola 12,000 za ziada. Akizirundika zote kwa mshindi, atapata kichwa cha habari. Akizigawa kwa magari 24 ya fainali, kila moja linapata dola 500 zaidi, na hakuna gazeti litakaloandika, lakini wiki ijayo yale magari ya nyuma yatarudi. Tiketi ikiwa dola 30, anahitaji watazamaji 400 zaidi kuzirudisha. Watazamaji 400 kwenye uwanja wa mji mdogo si mchezo.

Tena promota hategemei chanzo kimoja cha mapato. Viwanja vya udongo vina milango miwili. Wa mbele ni wa mashabiki wanaoenda jukwaani. Wa nyuma ni wa timu, na wengi hawajui kwamba mafundi, ndugu na mara nyingi dereva mwenyewe hulipa kiingilio kupita hapo. Kwenye viwanja vidogo, usiku ambao jukwaa limepwaya, mlango wa nyuma ndio unaolipa umeme. Kwa maneno mengine, wakimbiaji wanachangishana zawadi yao wenyewe. Kisha kuna vyakula na bia, na mabango ya ukutani. Upande wa matumizi kuna ada ambayo promota hulipa kwa kundi linalomletea madereva maarufu. Juu ya yote kuna mvua. Udongo ukilowa kupita kiasi hakuna mbio, na tiketi zilizouzwa lazima ziheshimiwe siku nyingine. Gharama za matangazo na maandalizi hazirudi.

Eldora iliepukaje hesabu hizi? Haikuziepuka, ila ilianza kuzifanyia kazi mapema. Mwanzilishi wake, Earl Baltes, alikuwa kiongozi wa bendi ya dansi, mtu aliyejua kujaza ukumbi kabla hajajua kujenga uwanja. Alifungua Eldora mwaka 1954. Mwaka 1984 alianzisha mbio za sprinti za Kings Royal, akatenga dola 50,000 kwa mshindi wakati ambapo kiasi hicho kilionekana wazimu, na akaongeza joho, taji na kiti cha enzi. Dereva mwenye udongo hadi masikioni anakalishwa kwenye kiti cha kifalme na kupigwa picha! Mwaka 2001 akalipa milioni ya kwanza, kwa Donnie Moran, kwenye mbio za magari yale ya aina nyingine. Tony Stewart, bingwa wa NASCAR, mashindano makubwa ya magari Marekani, aliyekulia kwenye magari haya ya sprinti, alinunua uwanja mwaka 2004, na kufikia 2019 Kings Royal ilikuwa ikilipa dola 175,000. Kitita kikubwa kinafanya kazi pale, kwa sababu kimefungwa kwenye tukio ambalo watu hupanga likizo zao kulizunguka. Wanakuja na kambi, wanakaa siku kadhaa, wananunua kila kitu.

Knoxville, Iowa, ni mfano wa wazi zaidi. Mji una watu 7,500 hivi. Karibu kila Agosti, tangu 1961, mashindano ya Knoxville Nationals huujaza mji huo kwa watu zaidi ya mara mbili ya wakazi wake, na fungu zima la zawadi sasa limevuka dola milioni moja. Anayeendesha uwanja ni chama cha maonyesho ya kilimo cha kaunti ya Marion, kisicho cha kugawana faida. Kinachobaki kinarudi kwenye viwanja na majukwaa.

Lakini usidhani fedha ndiyo inayojaza jukwaa kila mahali. Pennsylvania ya kati ina viwanja vya Williams Grove, Lincoln na Port Royal vilivyo karibu karibu, na dereva wa huko anaweza kukimbia Ijumaa na Jumamosi na bado kulala kwake. Madereva hao wanajiita Posse. World of Outlaws wakija, inakuwa wenyeji dhidi ya wageni, na shabiki ambaye hajali zawadi ni kiasi gani atakwenda kuona kijana wa mtaa wao akimfunga bingwa wa taifa. Schuchart mwenyewe katoka huko. Timu yake, Shark Racing, ni ya babu yake, Bobby Allen, aliyekuwa dereva mashuhuri, na mjomba wake Jacob Allen naye ameendesha gari la timu hiyo hiyo. Ile milioni ya Eldora iliangukia kwenye gereji ya ukoo, na nadhani ndiyo sababu hata mashabiki wa wapinzani walishangilia.

Wadhamini nao wana sura mbili. Wapo wakubwa, kama duka la vipuri NAPA lililodhamini gari la Brad Sweet, bingwa wa World of Outlaws mara tano mfululizo kuanzia 2019 hadi 2023. Walio wengi, hata hivyo, ni mwenye malori, mwenye karakana, mkulima anayependa mbio. Huyu hanunui tangazo kwa hesabu ya watazamaji. Ananunua nafasi ya kuleta wateja wake nyuma ya jukwaa, wamshike dereva mkono. Mbio zikiisha, milango ya nyuma hufunguliwa kwa wote, watoto hupanga foleni ya kusainiwa, na kwenye trela la fulana biashara hushamiri. Kuna usiku ambao fulana humwingizia dereva kuliko nafasi aliyomaliza. Mashabiki hata hudhamini mzunguko mmoja mmoja: unalipa kiasi chako, anayeongoza mzunguko huo anakipokea, na jina lako linasomwa kwenye kipaza sauti.

Wengine hupenda kiasi cha kununua uwanja. Huset's, huko South Dakota, ulikuwa umefungwa mpaka Tod Quiring, mfanyabiashara wa vifaa vya uwindaji mwenye timu yake mwenyewe, alipoununua na kuufungua tena mwaka 2020. Tukio lake kubwa la mwaka limewahi kuahidi mshindi dola 250,000. Swali ambalo hakuna anayependa kuliuliza ni nini kitatokea tajiri wa namna hiyo akichoka.

Msukumo mpya zaidi umetoka mtandaoni. Kyle Larson, dereva wa NASCAR, na Sweet, ambao ni mashemeji, walianza High Limit Racing kwa mbio moja tu mwaka 2022. Mwaka uliofuata wakawa na mbio za katikati ya wiki zenye zawadi nono, na mwishoni mwa 2023 wakanunua All Star, kundi jingine la mbio za sprinti, kutoka kwa Stewart. Mwaka 2024 wakaingia uwanjani kama kundi kamili la taifa. Mbio zao huonyeshwa na FloRacing kwa malipo ya usajili, kama vile World of Outlaws wanavyotumia DIRTVision. Mtu aliye sebuleni kwake Jumanne usiku sasa anachangia zawadi, kitu ambacho Baltes hakuwahi kuwa nacho. Ushindani wa makundi mawili umewalazimu wote kulipa vizuri, hata kwa waliomaliza nyuma. Hasara yake ni kwamba nyota wamegawanyika, na promota aliyezoea kuwauza wote kwenye bango moja sasa anauza nusu.

Halafu kuna Tulsa, Oklahoma, inayovuruga hesabu zote. Kila Januari, ndani ya ukumbi wa maonyesho, hufanyika Chili Bowl, mbio za magari madogo ya silinda nne, ndugu wa sprinti. Madereva zaidi ya 300 hujiandikisha na viti hujaa. Kwa miaka mingi mshindi alipewa dola 10,000. Madereva wakubwa, Larson akiwemo, walilalamika hadharani kwamba ukumbi umejaa na zawadi ni ya mbio za mtaani. Waandaaji hawakuwa na haraka, kwa nini wawe nayo? Larson, aliyekwisha kushinda 2020 na 2021, alirudi akashinda tena mwaka 2025.